Mafua Yasiyoaga Bugolobi

Ukikaa Bugolobi, mtaa wa jijini Kampala, upepo ukavuma kutoka bondeni na wewe usisikie harufu yoyote, una jambo la kumweleza daktari. Tangu enzi za ukoloni maji machafu ya Kampala yameteremkia upande huu: mfereji wa Nakivubo unayapokea mjini, yanapita karibu na mitambo ya kuyasafisha chini ya kilima, kisha yanaingia Ziwa Viktoria kwenye ghuba ya Murchison. Shirika la Taifa la Maji na Majitaka limejenga mtambo mpya wenye uwezo wa kusafisha lita milioni 45 kwa siku, na wenyeji wa siku nyingi watakwambia zamani ilikuwa balaa. Lakini bonde ni bonde. Mtu anayeishi kwenye fleti za Bugolobi akikuambia kwa fahari kwamba harufu hiyo aliizoea kitambo, usimwamini haraka. Huenda hakuizoea. Huenda pua yake imeacha kazi.

Kupotewa na uwezo wa kunusa ni dalili mojawapo kati ya nne ambazo madaktari wa masikio, pua na koo huzitafuta wanapomshuku mtu kuwa na sainasi sugu. Nyingine ni pua kuziba, kamasi kutoka puani au kuteremkia kooni, na maumivu au uzito usoni, hasa mashavuni, kati ya macho na kwenye paji. Zikiwapo mbili, mojawapo ikiwa kuziba au kamasi, na zikadumu wiki 12 au zaidi, hayo si mafua tena. Ni uvimbe uliojijengea makazi. Ulaya, uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta karibu mtu mmoja kati ya kumi ana dalili za namna hiyo.

Wengi wa watu hao hawajui kama ni wagonjwa wa kitu kimoja. Wanajijua kuwa ni watu wa mafua. Kaa kidogo kwenye benchi la duka lolote la dawa mjini Kampala asubuhi ya Jumatatu utawaona. “Musawo, yale mafua yamerudi.” Mhudumu haulizi mengi, maana sura anaijua. Anatoa Piriton, anatoa Panadol, kisha anafungua kopo la kapsuli za rangi mbili na kuzihesabu kwa kijiko juu ya sahani ya plastiki: nane, tisa, kumi. Si dozi kamili, ila noti iliyo mezani ni ya elfu tano na chenji ya boda inahitajika. Kapsuli zinatiwa kwenye kibahasha cha karatasi, kinaandikwa 1x3, mteja anashukuru na kuondoka. Baada ya majuma matatu yuko pale pale, na maneno ni yale yale.

Ukimuuliza, atakwambia mafua ndiyo yanayomletea sainasi. Hakosei. Mafua ya kawaida huvimbisha utando wa pua hadi vijitundu vinavyotoa uchafu kwenye sainasi vinaziba, na humo ndani kamasi linabaki likituama. Lakini mambo yanakwenda pia kwa njia ya pili, na hiyo ndiyo inayosahauliwa kwenye benchi lile: pua iliyovimba miezi na miezi ni pua ambayo virusi vinavyofuata vitaiingia kwa urahisi zaidi, na vikishaingia vitakaa. Mteja wa Jumatatu anadhani ameugua mara sita mwaka huu. Kwa hesabu ya daktari ameugua mara moja, na mara hizo sita ni matokeo.

Ili kulielewa hilo, tuingie puani. Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso, jozi nne: mashavuni, kwenye paji, katikati ya macho, na nyuma kabisa chini ya ubongo. Kuta zake, pamoja na za pua yenyewe, zimetandikwa utando wenye vijinywele visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga zaidi ya mara kumi kila sekunde, vyote kuelekea upande mmoja. Juu yake kuna ute mwembamba ambao unasukumwa polepole kuelekea kooni, kama mkeka unaovutwa sakafuni pamoja na kila kilichodondokea juu yake: vumbi, masizi, bakteria, virusi. Tunaumeza bila kujua na asidi ya tumbo inamaliza shughuli. Madaktari wana kipimo chepesi cha kazi hiyo. Wanaweka punje ya sakarini ndani ya pua, upande wa mbele, na kumwambia mtu akae kimya asipige chafya wala kuvuta kamasi, mpaka asikie utamu nyuma ya ulimi. Mwenye pua nzima kwa kawaida hausubiri zaidi ya dakika 20. Mwenye sainasi sugu anaweza kukaa mpaka akasahau alikuwa anasubiri nini.

Virusi vya mafua vinahitaji muda. Ili kimoja kiambukize lazima kipenye ule ute, kifike kwenye seli, kipate mahali pa kushika. Ute ukienda kwa kasi yake, vingi havifiki. Ukituama, vinafika.

Hilo ni la kwanza. La pili ni ukuta wenyewe. Seli za utando huo zimeshonwa pamoja kwa protini zinazoziba nafasi kati yake, na uvimbe wa muda mrefu, hasa ule unaoendana na mzio, unazifumua. La tatu ni kemikali. Mwaka 1995 Jon Lundberg na wenzake wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walionyesha kwamba sainasi za binadamu hutengeneza gesi ya nitriki oksaidi kwa wingi wa kushangaza, gesi ambayo inazuia virusi na bakteria kuzaliana na inavichochea vile vijinywele vipige. Miaka saba baadaye Lundberg na Eddie Weitzberg wakagundua jambo la kuchekesha: mtu akivumisha wimbo huku mdomo umefumbwa, gesi hiyo puani inaongezeka mara 15, kwa sababu mtetemo unaitikisa hewa ya sainasi na kuitoa. Kwa wagonjwa ambao vitundu vya sainasi vimezibwa na vinyama vya puani, kuvumisha hakubadilishi kitu. Gesi imefungiwa ndani, au haitengenezwi. (Msomaji asiniletee habari kwamba kwaya inatibu mafua. Sijasema hivyo.)

Kuna na la nne, mwitikio wa kwanza wa kinga. Seli iliyovamiwa na virusi hutoa interferoni, ishara ya kuziambia jirani zake zijifunge. Utando uliozoea uvimbe wa mzio mara nyingi huchelewa kutoa ishara hiyo au huitoa kidogo. Na rinovirusi, kundi la virusi zaidi ya 160 linalosababisha mafua mengi kuliko kundi lingine lolote, hupenda ubaridi wa puani, nyuzi 33 hadi 35, kuliko joto la ndani ya mwili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walionyesha mwaka 2015, kwa seli za panya, kwamba sababu kubwa ni hiyo hiyo ya kinga: kwenye ubaridi, seli zinajitetea kwa uvivu.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote kwamba mafua hutegemea anayeyapokea nadhani hautoki hospitali yoyote. Unatoka msituni, magharibi mwa Uganda. Mwaka 2013 sokwe wa kundi la Kanyawara katika Hifadhi ya Taifa ya Kibale walianza kukohoa na kupiga chafya. Kati ya sokwe 56, watano walikufa. Watafiti waliokuwa wakiwafuatilia kwa miaka walichukua sampuli, na majibu yalipochapishwa mwaka 2018 yaliwaduwaza wengi: hakikuwa kirusi kigeni cha kutisha. Kilikuwa rinovirusi ya aina C, kirusi cha binadamu, kile kile ambacho mtu mzima wa mji jirani wa Fort Portal angekipata akajifuta kamasi siku nne na kwenda kazini. Walipochunguza vinasaba wakakuta sokwe wana umbo fulani la protini iitwayo CDHR3, ambayo ndiyo aina C hushikilia ili kuingia ndani ya seli. Umbo hilo linaikaribisha. Kwa watoto wa binadamu walionalo, limehusishwa na pumu kali inayolipuka ghafla. Kirusi ni kimoja. Kwa mmoja leso inatosha, kwa mwingine kaburi.

Mtu mwenye sainasi sugu hajageuka sokwe, lakini pua yake nayo imebadilika, tena si kwa kuzaliwa nayo. Seli za utando uliovimba kwa mzio huotesha kwa wingi zaidi protini iitwayo ICAM-1, ambayo rinovirusi nyingi za kundi A na B huishika zinapoingia. Na watafiti wa Korea waliolinganisha utando wa pua wa wenye sainasi sugu na wa watu wasio nayo, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2013, walikuta virusi vya njia ya hewa mara nyingi zaidi kwa wenye sainasi. Hapo wataalamu bado wanavutana: je, virusi vilikuta uvimbe, au uvimbe ulikuta virusi? Binafsi naona ni mzunguko, na mzunguko hauna mwanzo wa kugombea.

Korona nayo ilikataa kufuata mstari. Kisa cha kwanza Uganda kilipotangazwa tarehe 21 Machi 2020, abiria aliyetoka Dubai, wenye sainasi na pumu ya mzio waliogopa kuliko wote, na sababu walikuwa nayo. Lakini mwaka huo huo utafiti wa Marekani ukaonyesha kwamba pua na mapafu yenye mzio yana upungufu wa ACE2, ile protini ambayo kirusi cha korona kinaishika. Uvimbe ule ule unaokifungulia kirusi kimoja unaweza kukibania kingine. Kwa hiyo anayekuambia kwamba kinga yako iko chini kwa ujumla na kwamba anayo chupa ya kuipandisha, mwache na chupa yake.

Turudi Bugolobi, maana pua haiharibiki hivi hivi tu. Mtaa huu una jina la kitajiri: maduka makubwa, mikahawa, nyua za michongoma, watumishi wa mashirika ya kimataifa. Lakini mguu wake mmoja uko kwenye eneo la viwanda, mwingine kwenye barabara ya Port Bell ambako malori na matatu hupumua dizeli foleni nzima. Kuna maghala ya kahawa ya tangu zama za Bodi ya Soko la Kahawa. Kuna vumbi jekundu la njia za pembeni zisizo na lami, majiko ya mkaa ya wauza chapati za mayai ziitwazo rolex, na jioni majirani wanaochoma taka nyuma ya ukuta. Bruce Kirenga, daktari wa mapafu wa Makerere, na wenzake walipopima hewa ya Kampala na Jinja katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, walikuta wastani wa vumbi laini, lile la PM2.5, unazidi mikrogramu 100 katika mita moja ya ujazo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango chake cha wastani wa mwaka hadi 5. Mradi wa AirQo, ulioanza Makerere mwaka 2015, umetundika vipimo vidogo kwenye majengo na hata kwenye boda boda, na mtu mwenye simu anaweza kuiona hewa ya jirani yake ilivyo saa hiyo. Mwaka 2018 sheria ikapiga marufuku kuingiza magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi. Yale yaliyokuwa yameshaingia bado yanatupita asubuhi.

Vumbi hilo laini na moshi wa dizeli huchosha vijinywele na kuamsha uvimbe. Ndani ya nyumba kuna wenzao: utitiri wa vumbi wa kwenye magodoro na mende wa jikoni, ambao ndio wanaoongoza katika vipimo vya mzio vya wagonjwa wa pumu wa Uganda. Harriet Mpairwe na wenzake, wakichunguza wanafunzi wa mijini, walionyesha mwaka 2019 kwamba watoto waliozaliwa mjini wana hatari kubwa zaidi ya pumu kuliko waliozaliwa kijijini. Pumu si sainasi, lakini pua na mapafu ni njia moja, na anayetibiwa kimoja huku kingine kikiachwa hapati nafuu ya maana.

Kapsuli za rangi mbili hazigusi lolote kati ya hayo. Mafua ni ya virusi, antibiotiki haiviui. Inapotokea bakteria wamerukia juu ya mafua, ni kwa watu wachache sana, takriban asilimia 2 au chini ya hapo. Matone ya kuzibua pua, yale yenye oksimetazolini au zailometazolini, ni mazuri kwa siku tatu au nne, mpaka usiku wa wiki ya pili unapogundua kwamba pua haizibuki tena bila hayo. Ni dawa iliyogeuka ugonjwa. Na kujifukiza? Huku tunafukiza kalitunsi, yaani mkaratusi; Tanzania wana nyungu, iliyopata umaarufu wa kitaifa wakati wa korona. Mwaka 2016 timu ya Paul Little wa Southampton, Uingereza, ilichapisha jaribio la wagonjwa 871 wenye sainasi sugu au ya kujirudia. Mvuke haukuponya sainasi. Ulipunguza kidogo maumivu ya kichwa tu. Kilichosaidia kwa kiasi, na kuendelea kusaidia miezi sita baadaye, kilikuwa kusafisha pua kwa maji ya chumvi.

Little huyo huyo na wenzake mwaka 2024 walitoa jaribio lingine kubwa zaidi, la watu wazima karibu 13,800 ambao ama huugua njia ya hewa mara kwa mara ama wana maradhi yanayowaweka hatarini. Waliopewa dawa ya kupuliza puani mwanzoni mwa dalili, iwe ya jeli au ya maji ya chumvi tu, waliumwa wastani wa siku sita na nusu katika miezi sita. Wasiopewa, siku nane na ushei. Matumizi ya antibiotiki nayo yakashuka. Kwa kitu kinachotengenezwa kwa chumvi ya jikoni, si haba.

Namna yake ni hii. Chemsha maji yatokote angalau dakika moja kamili, yafunike, yapoe mpaka yawe vuguvugu. Kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisifurike, kwa nusu lita. Inama juu ya karai, kichwa upande, mdomo wazi, bonyeza chupa laini au bomba la sindano lisilo na sindano kwenye tundu la juu; maji yatokee la chini. Mara ya kwanza utadhani unazama. Mara ya tatu hutajali. Usitumie maji ya bomba yasiyochemshwa: mwaka 2011 watu wawili katika jimbo la Louisiana, Marekani, walikufa kwa amiba anayekula ubongo baada ya kusafisha pua kwa maji ya bomba. Maji yale yale ukiyanywa hayakudhuru kwa amiba huyo. Njia yake ni pua.

Baada ya chumvi ndipo inafuata dawa halisi ya uvimbe, ya kupuliza yenye steroidi, flutikazoni au mometazoni. Wengi waliowahi kuandikiwa wameitupa wakisema haifanyi kazi, na ukiwaona wakiitumia utaelewa: wanaelekeza ncha katikati, kwenye ukuta wa pua, wanapuliza, wanavuta kwa nguvu na dawa yote wanaimeza. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio. Vuta taratibu. Na uipe wiki sita kabla ya kuihukumu. Haifanyi kazi kwa haraka ya Piriton. Ikishindikana, kuna picha ya CT, na kuna upasuaji wa kamera unaopanua vile vitundu bila kupasua uso. Idara ya masikio, pua na koo ya hospitali ya Mulago ndiyo mahali pa kuanzia kwa asiye na bima.

Jicho likivimba, ukaanza kuona vitu viwili viwili, shingo ikakakamaa au kichwa kikauma kwa namna ambayo hukuwahi kuijua, usingoje kesho. Sainasi ziko jirani mno na jicho na ubongo.

Yupo mgonjwa mwingine ambaye chumvi, steroidi na antibiotiki zote zitamshinda. Kamasi lake linatoka upande mmoja tu, na linanuka. Yeye mwenyewe huenda hasikii, ila mkewe anasikia. Mizizi ya magego ya juu imeegemea sakafu ya sainasi ya shavu, na jino lililooza miaka miwili iliyopita, likaacha kuuma, linaweza kuwa linamwaga usaha humo kila siku. Huyo aanze na daktari wa meno.